“Mtoto ameshatoka, altrasaundi ya nini tena?”

Asubuhi moja mwaka jana aliingia kliniki mama mzazi mwenye umri wa miaka 26. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku 12 zilizopita. Alitembea taratibu akiuvuta mguu wa kushoto, mkono mmoja ukiwa begani kwa mama mkwe wake. Nyuma yao alikuja wifi yake akiwa amembeba mtoto.

“Shikamoo mama,” nilimsalimia yule mkwe.

“Marahaba mwanangu daktari. Tumekuja tupate dawa ya uvimbe. Mzazi wetu huyu mguu umemjaa.”

Nilipofunua kanga niliona mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani mpaka kwenye unyayo, ngozi imekaza na inang’aa. Wa kulia ulikuwa wa kawaida kabisa. Uvimbe ulikuwa na siku nne. Kwenye duka la dawa walikuwa wamepewa vidonge vya maumivu na antibayotiki. Nyumbani, kama ilivyo desturi kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, alikuwa akikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mguu ulipovimba, mama mkwe akahamishia kazi mguuni. Aliuchua kwa mafuta ya nazi kutoka kwenye kifundo kwenda juu, akiukamua kwa nguvu ili uvimbe ushuke. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mzazi alipoamka kwenda chooni, alijikuta anahema kama mtu aliyepanda mlima.

Niliandika karatasi ya vipimo na kuwakabidhi. Mama mkwe aliisoma, akanigeukia.

“Daktari, mtoto ameshatoka. Altrasaundi ya nini tena?”

Mpendwa msomaji, swali lile ndilo lililonifanya niandike makala ya wiki hii. Wengi wetu tunaijua altrasaundi kama mashine ya kumwangalia mtoto tumboni. Ni wachache wanaojua kuwa mashine hiyohiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha kutafuta damu iliyoganda ndani ya mishipa ya mguu, na kwamba kipimo hicho kinaweza kuokoa maisha ya mtu ambaye kila aliye nyumbani anadhani amevimba tu.

Damu ikiganda ndani ya mshipa

Damu kuganda peke yake si ugonjwa. Ukijikata na kisu jikoni, damu ni lazima igande ili kidonda kiache kutoka damu. Tatizo huanza inapoganda mahali isipotakiwa, ndani ya mshipa ambao haujakatwa.

Miguuni kuna mishipa ya damu ya aina mbili kubwa. Ateri huleta damu kutoka moyoni kwa nguvu, na hiyo ndiyo unayoihisi ikidunda ukiigusa. Vena huirudisha damu moyoni. Vena zina kazi ngumu kwa sababu damu inapanda kwenda juu. Zinasaidiwa na misuli ya shavu la mguu. Kila ukipiga hatua, misuli hiyo huzibana vena na kuisukuma damu, na ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Mtu akilala au akikaa muda mrefu bila kutembea, damu hupungua kasi.

Katikati ya karne ya 19, daktari wa Ujerumani Rudolf Virchow alionyesha kuwa mabonge ya damu yanayokutwa kwenye mapafu ya waliofariki yanaweza kuwa yametoka mbali, kwenye vena za miguu, yakasafiri na damu mpaka huko. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo mkubwa wa kuganda kuliko kawaida. Siku yake ya kuzaliwa, Oktoba 13, ndiyo iliyochaguliwa kuanzia mwaka 2014 kuwa siku ya dunia ya kuhamasisha watu kuhusu tatizo hili.

Mama mzazi anaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja. Wakati wa ujauzito mwili huiandaa damu igande haraka ili mama asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua. Mfuko wa uzazi uliokua hubana vena za nyonga. Upasuaji nao huumiza mishipa na kumlaza mama kitandani. Ndiyo maana uwezekano wa mjamzito kupata bonge la damu ni takriban mara 4 hadi 5 ya ule wa mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na kipindi cha hatari kubwa zaidi ni wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, yaani arobaini yenyewe. Mara nyingi mguu unaoathirika ni wa kushoto, kwa sababu vena kubwa inayotoka mguu huo hupita chini ya ateri ndani ya nyonga na hubanwa kwa urahisi.

Wengine walio kwenye hatari ni waliofanyiwa upasuaji mkubwa, hasa wa nyonga au goti, waliovunjika mguu, waliolazwa kwa siku nyingi, wagonjwa wa saratani, wenye selimundu, wenye kifua kikuu, wanaoishi na VVU, wenye uzito mkubwa, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na waliowahi kupata tatizo hili au ambao ndugu zao wa damu wamelipata. Safari ndefu ya basi au ndege huongeza hatari, hasa kwa mtu ambaye tayari ana mojawapo ya sababu hizo.

Bonge likibaki mguuni, huleta uvimbe na maumivu. Hatari kubwa ni pale kipande kinapokatika, kikapita moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mtu huanza kuhema ghafla, kifua kumchoma anapovuta pumzi, kukohoa damu au kuzimia. Kipande kikiwa kikubwa, anaweza kufariki ndani ya dakika chache.

Mkono peke yake hautoshi

Mama mkwe yule hakuwa mtu wa kulaumiwa. Alifanya alichofundishwa na waliomtangulia, na sisi wa hospitali tulimruhusu mzazi kwenda nyumbani bila kumweleza mtu yeyote kuhusu mguu mmoja kuvimba. Hata mikono ya daktari hudanganyika. Mimi mwenyewe ni shahidi.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, alikuja dereva wa lori, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye alikuwa ametoka safari ya siku kadhaa. Shavu la mguu wake lilikuwa limevimba na lina joto. Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliukunja unyayo wake kwenda juu nione kama ataumia nyuma ya mguu. Hakuumia. Niliandika kuwa ni maambukizi ya ngozi, nikampa antibayotiki, nikamwambia arudi baada ya wiki moja. Alirudi usiku wa tatu akihema, na hakufika asubuhi. Mashine ya altrasaundi ilikuwa mlango wa tatu kutoka chumba nilichomwonea. Sikuiagiza.

Leo tunajua kwamba kukunja unyayo hakutegemeki. Wapo wenye bonge ambao hawaumii, na wapo wanaoumia ambao hawana bonge. Kinachomsaidia zaidi daktari ni historia ya mgonjwa na futi ya kawaida, kama ile ya fundi cherehani. Tunapima unene wa shavu la mguu sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini ya goti, kisha tunapima mguu wa pili mahali hapohapo. Mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, shaka inaongezeka. Hata hivyo, futi haiwezi kusema kilichomo ndani. Mguu unaweza kuvimba kwa maambukizi ya ngozi, kwa msuli uliochanika, kwa kifuko cha maji kilichopasuka nyuma ya goti, au kwa matende, ambayo huku pwani tunayafahamu vizuri. Matende hujengeka kwa miezi na miaka. Bonge la damu huja kwa saa au siku. Anayeweza kutenganisha haya kwa uhakika ni yule anayeona ndani ya mguu.

Altrasaundi inaona nini?

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Mashine ya altrasaundi hutoa sauti ya mitetemo inayohesabiwa kwa mamilioni kwa sekunde. Sauti hiyo huingia mwilini, hugonga misuli, mifupa na mishipa, kisha hurudi kama mwangwi, na kompyuta huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Katika hospitali nyingi mlango wa chumba hicho umeandikwa “Mionzi”, na wajawazito wengi huogopa kuingia. Ieleweke kuwa altrasaundi haitumii mionzi. Hutumia sauti, na mjamzito au mtoto mchanga anaweza kupimwa bila wasiwasi huo.

Sasa, bonge linaonekanaje? Jambo lenyewe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mtaalamu huweka kifaa cha mkononi juu ya kinena na kutafuta mishipa miwili iliyolala pamoja, ateri na vena. Kwenye skrini huonekana kama duara mbili nyeusi. Kisha anabonyeza kidogo kwa kifaa hicho. Ateri ina ukuta mgumu na msukumo mkubwa, hivyo hubaki wazi. Vena ina ukuta laini, hivyo ikibonyezwa hufungika kabisa na duara yake hutoweka. Mkono ukiachia, inafunguka tena. Vena inayofungika yote haina bonge mahali hapo. Vena isiyofungika ina kitu ndani yake.

Mtaalamu hurudia kubonyeza hivyo kila baada ya sentimita chache, kutoka kinenani kushuka pajani mpaka nyuma ya goti, na penye utaalamu wa kutosha huendelea na vena za shavu la mguu. Ni kubonyeza kidogo, sehemu moja baada ya nyingine, si kuchua wala kukamua.

Baada ya hapo huwashwa sehemu ya mashine iitwayo dopla, ambayo huonyesha damu ikitembea, mara nyingi kwa rangi nyekundu na bluu. Jina hilo linatokana na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza mwaka 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika kitu kinapokaribia au kwenda mbali. Umewahi kuisikia mwenyewe barabarani: king’ora cha gari la wagonjwa husikika chembamba linapokuja na kizito likishakupita. Mashine husikiliza damu kwa namna hiyohiyo. Mtaalamu anaweza kukubana shavu la mguu kidogo ili aone kama damu inapanda juu bila kizuizi. Rangi hizo zisikutishe. Zinaonyesha damu inakokwenda, hazionyeshi damu safi na damu chafu.

Siku ya kipimo

Kipimo cha mishipa ya mguu hakihitaji ufunge kula, wala ujaze mkojo kama wanavyoambiwa baadhi ya wajawazito. Endelea na dawa zako kama kawaida. Vaa nguo inayovuliwa kwa urahisi, maana mguu wote utafunuliwa kuanzia kinenani. Akina mama, chukueni kanga ya kujistiri. Una haki ya kuomba ndugu au muuguzi wa kike awepo chumbani, na si utovu wa adabu kuomba hivyo.

Utalala chali na goti likiwa limekunjwa kidogo kwenda nje. Utapakwa jeli ya baridi, ambayo kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa, kwa sababu sauti hiyo haipiti vizuri kwenye hewa. Kipimo huchukua kati ya dakika 15 na 30 kwa mguu mmoja. Mguu uliovimba sana unaweza kuuma kidogo ukibonyezwa. Sema, mtaalamu atapunguza nguvu.

Kabla hamjaanza, hakikisheni karatasi imeandikwa mishipa ya mguu na mguu gani. Nimeshaona wagonjwa walioandikiwa neno “altrasaundi” tu, wakapimwa tumbo, wakarudishwa na majibu mazuri ya ini na figo huku mguu haujaguswa.

Majibu yana maana gani?

Ukipewa majibu, usiishie kuuliza kama ni mabaya au mazuri. Yapo majibu ya aina nne.

La kwanza: vena zote, pamoja na za shavu la mguu, zimeonekana vizuri na zimefungika. Hapo bonge la mguuni halina nafasi kubwa, na daktari atatafuta sababu nyingine ya uvimbe.

La pili: bonge limeonekana kwenye vena kubwa za paja au nyuma ya goti. Hizi ndizo zinazotishia mapafu zaidi, na kipimo hiki kinaziweza vizuri. Kati ya wagonjwa 100 wenye bonge sehemu hizo, hugundua zaidi ya 90. Matibabu huanza siku hiyohiyo.

La tatu: bonge liko kwenye vena za shavu la mguu tu. Daktari anaweza kuanza dawa, au kwa baadhi ya wagonjwa akachagua kurudia kipimo baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili aone kama linapanda.

La nne: mishipa haikuonekana vizuri, au imepimwa sehemu tu. Hutokea mguu ukiwa umevimba kupita kiasi, mgonjwa akiwa mnene sana, mguu ukiwa umefungwa plasta ngumu, ile wengi wanayoiita hogo, au bonge likiwa juu ndani ya nyonga ambako gesi ya utumbo huzuia sauti. Majibu haya hayamaanishi kuwa huna tatizo.

Kwa hiyo muulize daktari: “Vena za shavu la mguu zimepimwa pia, au ni paja na nyuma ya goti tu?” Kama ni sehemu ya juu tu, na dalili zako bado zinatia shaka, kipimo kinapaswa kurudiwa ndani ya takriban wiki moja. Bonge dogo la leo huweza kupanda na kuonekana siku chache baadaye. Na uvimbe ukiongezeka kabla ya tarehe uliyopangiwa, usiisubiri.

Kipo pia kipimo cha damu, ambacho kwenye karatasi huandikwa D-dimer. Hiki hutafuta mabaki ya bonge linalovunjwa na mwili. Kwa mtu mwenye shaka ndogo, kikiwa chini kinaweza kumwondolea hofu bila hata altrasaundi. Ila hupanda kwa mambo mengi: ujauzito, kujifungua, upasuaji, maambukizi na umri mkubwa. Kwa hiyo kikiwa juu kwa mzazi wa wiki mbili, hakithibitishi kitu. Altrasaundi ndiyo itakayoamua.

Watoto je?

Wazazi huniuliza kama watoto hupata tatizo hili. Hupata, ingawa ni nadra kuliko kwa watu wazima. Makundi mawili ndiyo yanayoonekana zaidi: watoto wachanga na vijana wanaobalehe. Sababu kubwa kwa watoto ni mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, kifuani au kinenani wakati mtoto amelazwa akiwa mahututi. Wengine ni wenye saratani, wenye selimundu, na wenye maambukizi makali ya mfupa wa mguu, ambayo yanaweza kugandisha damu kwenye vena iliyo jirani.

Mtoto hasemi “vena inauma”. Utaona mguu au mkono mmoja ni mnene kuliko mwenzake, una rangi ya zambarau, au mtoto analia ukiugusa. Kwa mtoto aliyewekewa mrija, angalia pia shingo na uso. Mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Wakati wa kipimo, mama anaweza kumnyonyesha au kumpakata. Mtoto aliyetulia hupimika vizuri kuliko aliyeshikwa kwa nguvu.

Kwa wazazi wa mabinti wakubwa: daktari akiomba kuongea na binti yako peke yake kwa dakika chache, mruhusu. Huenda anatumia vidonge vya uzazi wa mpango na hatasema mbele yako, na jibu hilo linaweza kuwa muhimu kwa matibabu.

Bonge likionekana

Dawa tunazotumia huzuia bonge lisikue na lisizaliwe jingine, wakati mwili wenyewe unaliyeyusha taratibu. Ndiyo maana uvimbe hauishi kesho yake, na ndiyo maana hatuachi dawa mguu ukipungua. Matibabu huchukua angalau miezi mitatu.

Kwa mjamzito tunatumia sindano za heparini, ambazo hazivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Wafarini haifai katika ujauzito kwa sababu inaweza kumletea mtoto ulemavu, lakini mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Vidonge vipya vya kundi la rivaroksabani havishauriwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Kwa hiyo mwambie daktari kama una mimba au unanyonyesha kabla hajaandika dawa.

Anayetumia wafarini atapimwa damu mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi, ila kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Usiongeze aspirini, diklofenaki wala dawa za mitishamba bila kuuliza. Rudi haraka ukiona choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, fizi au pua zinazotoka damu bila kukoma, au kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu.

Ukiwa mbali na hospitali kubwa

Vituo vingi vya afya vina altrasaundi ya wajawazito, lakini kupima mishipa kunahitaji kifaa cha mkononi cha aina nyingine na mtu aliyejifunza. Kabla hujalipa, uliza: “Hapa mnapima mishipa ya miguu?” Kama hawapimi, omba rufaa badala ya kupimwa kitu kingine.

Umbali usiwe sababu ya kukaa bila tiba. Kama shaka ni kubwa na kipimo hakiwezi kupatikana kwa saa kadhaa zijazo, daktari anaweza kuanza sindano za kuzuia damu kuganda wakati mnatafuta usafiri, isipokuwa kama mgonjwa ana sababu ya kutoka damu. Ni jambo la kawaida kabisa kuuliza.

Na tuilinde arobaini. Mzazi apumzike, ale vizuri, asaidiwe kazi, lakini asilale siku nzima. Aamke na kutembea ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku tangu saa za mwanzo anazoruhusiwa na wauguzi, hata baada ya upasuaji. Anywe maji ya kutosha. Mama aliyewahi kupata bonge aseme tangu kliniki ya kwanza, kwa sababu wapo wanaostahili sindano za kinga wakati wa ujauzito na kwa wiki sita baada ya kujifungua. Msafiri wa basi refu naye achezeshe vifundo vya miguu na ashuke kutembea kila gari linaposimama.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama mguu au mkono mmoja umevimba ghafla, unauma, una joto au umebadilika rangi. Usiuchue, usiukande, usiufunge kwa nguvu. Miguu yote miwili ikivimba kwa mjamzito au mzazi, pamoja na kichwa kuuma au kuona maluweluwe, hiyo nayo ni dharura, inaweza kuwa kifafa cha mimba. Na mwenye mguu uliovimba akianza kuhema, kifua kumchoma au kuzimia, usisubiri asubuhi.

Yule mzazi tulimpeleka kwenye altrasaundi saa ileile. Nilimwomba mama mkwe aingie naye. Mtaalamu alianza na mguu wa kulia. Alibonyeza, vena ikafunga, aliachia, ikafunguka. Akahamia wa kushoto na kubonyeza. Ateri ilidunda pembeni, lakini vena ilibaki wazi, imejaa kitu cha kijivu. Akabonyeza tena chini kidogo, hali ni ileile mpaka nyuma ya goti.

Mama mkwe aliitazama skrini kwa muda. “Na mimi nimeukamua siku nne,” alisema.

Nilimwambia ukweli: hakujua, na hakuna aliyemwambia. Kwa kuwa bonge la mguuni lilikuwa limethibitika na dalili za mapafu zilikuwepo, hatukusubiri picha ya kifua, maana dawa ni ileile. Alilazwa na kuanzishiwa heparini jioni hiyo huku akinyonyesha. Alimaliza matibabu yote, na alikubali nieleze habari yake bila kutaja jina.

Siku alipokuja kwa mara ya mwisho, mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Mama mkwe aliniambia kuwa bado anawakanda wazazi wa mtaani kwake, wanamwita kama zamani. Ila sasa kabla ya kuweka maji jikoni, anawaomba wanyooshe miguu yote miwili, anaitazama kwa pamoja.